Majani mekundu ya mkungu na dalili za kweli za msimu kugeuka Malindi

Mama mmoja wa Shela, Malindi, ametuandikia kwamba kila baada ya swala ya alfajiri hutembea na wajukuu wake kutoka jeti hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama. Mwanzoni mwa Septemba mwanawe anayesoma Leeds, Uingereza, alimtumia picha za miti ya mtaani kwake, majani yameanza kugeuka manjano, na akamwambia kwamba majira ya majani kupukutika yamebisha hodi. Juma hilohilo wajukuu waliokota majani mekundu chini ya mti wa mkungu ulio kando ya njia, na siku mbili tatu baadaye wakaona mbayuwayu wamejipanga kwenye nyaya za umeme. Anauliza kama hayo ni majira yaleyale yanayofika hadi kwetu, na kama sivyo, mtu anayetembea asubuhi Malindi aangalie nini ili ajue kwamba mwaka umegeuka.

Shikamoo Mama. Jibu la kifupi ni kwamba majira hayo yanafika kweli, lakini hayafiki kwa njia ya majani. Majani ya mkungu wako yana habari zake mwenyewe, ambazo hazihusiani na Leeds. Kinachotufikia kutoka kaskazini ni upepo na ndege, na ndege hutangulia: dalili ya kwanza huwa imeshatua kwenye matope ya mdomo wa mto Sabaki tangu Agosti, wakati mwanao bado anatembea chini ya miti ya kijani kibichi.

Nianze na majani, kwa kuwa ndiyo yaliyozua swali. Kule Leeds siku ndefu kuliko zote, mwezi wa Juni, ina mwanga wa saa 17 hivi, na siku fupi kuliko zote, mwezi wa Desemba, haifikishi saa 8. Mwezi wa Septemba mchana unapungua kwa takriban dakika 4 kila siku, na usiku unaanza kuwa baridi. Mti unaotegemea majani mapana hauwezi kuyalisha majani hayo wakati wa baridi kali, kwa hiyo unayafunga mapema: unavunjavunja klorofili, yaani ile rangi ya kijani inayonasa mwanga, unarudisha kwenye matawi na mizizi virutubisho vinavyoweza kuokolewa, kisha unajenga tabaka jembamba la seli pale kikonyo kinaposhikana na tawi, na jani linaachia. Manjano aliyoiona mwanao ilikuwemo ndani ya jani tangu mwanzo. Ni rangi ziitwazo karotenoidi, ambazo zilikuwa zimefunikwa na kijani. Nyekundu ni jambo jingine, kwa sababu mti huitengeneza upya katika siku hizo za mwisho.

Mkungu nao hufanya kazi hiyohiyo ndani ya jani, na ndiyo maana jani lake likianguka huwa jekundu kama kwamba limechovywa rangi. Mwambie mjukuu alishike moja dhidi ya jua: ataona mara nyingi kijani kimebaki kando ya mishipa mikubwa, kwa kuwa hapo ndipo virutubisho vinapopitia kurudi tawini. Ila kinachouamuru mkungu si urefu wa mchana. Malindi iko nyuzi 3 na kidogo kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya siku yetu ndefu kabisa na fupi kabisa ni dakika 22 hivi kwa mwaka mzima, kiasi ambacho mti hauna sababu ya kukifuata. Mkungu hupukutisha hasa kwa sababu ya ukavu, na sehemu nyingi hufanya hivyo mara mbili kwa mwaka. Ukitaka kuhakikisha, tazama mikungu mitatu minne ya mtaa mmoja. Utakuta mmoja mwekundu, wa pili kijani, wa tatu umeshachipua majani mapya, kutegemea mizizi yake imefika wapi na nani humwaga maji karibu yake. Miti ya Leeds haiachani hivyo kwa mbali, kwa kuwa yote inafuata kipimo kilekile, urefu wa mchana. Mbuyu hali kadhalika: husimama uchi wakati wa ukame na kuvaa majani mvua inapokaribia, bila kujali Ulaya kuna nini. Kwa hiyo, katika orodha yako ya dalili, mkungu ningeuondoa kabisa.

Jua ningelibakisha, ila kwa namna ambayo pengine hukuitarajia. Watu wengi hudhani kwamba kwetu jua halibadiliki, kwa sababu wanapima urefu wa mchana. Pima saa ya macheo badala yake. Mwishoni mwa Julai jua huchomoza Malindi karibu saa kumi na mbili na nusu. Kufika mwanzoni mwa Novemba huchomoza kabla kidogo ya saa kumi na mbili kamili. Ni nusu saa nzima, na inakwenda kinyume cha Uingereza, ambako kila siku ya Septemba macheo yanachelewa zaidi. Sehemu kubwa ya nusu saa hiyo haitokani na mchana kurefuka. Inatokana na mwendo wa dunia kulizunguka jua kutokuwa sawa mwaka mzima, pamoja na kuinama kwa mhimili wake, hata adhuhuri ya kweli ikawa inasogea mbele na nyuma ya saa zetu za ukutani. Wewe unayeswali kwa nyakati za jua bila shaka umeiona ratiba ya msikitini ikisogea hivyo, hata kama hukuwahi kuulizia sababu.

Tazama pia mahali jua linapotokea. Pwani yetu inaelekea mashariki, kwa hiyo jua hutoka baharini, na hiyo ni bahati ambayo watu wa bara hawana. Simama siku zote mahali pamoja penye jeti mbele yako, uweke alama. Julai jua hutoka kushoto sana, upande wa Mambrui, kaskazini mwa mji. Tarehe 22 au 23 Septemba hutoka mashariki hasa. Kisha kila asubuhi husogea kulia, na kasi yake katika siku hizo ndiyo kubwa kuliko wakati wowote wa mwaka mpaka Machi. Tarehe 1 Oktoba hivi, mchana, jua hupita utosini mwa Malindi, na kivuli cha nguzo kinakuwa chini ya nguzo yenyewe. Mjukuu anaweza kuyaona haya bila chombo chochote.

Sasa upepo, ambao kwa watu wa Malindi na Lamu ndio mwaka wenyewe. Kusi, yaani upepo wa kutoka kusini, iliyoanza Aprili hufikia ukali wake Juni na Julai, na wakati huo hailali: usiku inavuma, alfajiri inavuma, mivinje ya ufukweni haiachi kuunguruma, na mwani unarundikana mchangani. Dalili ya kwanza kwamba inachoka haiko mchana, maana mchana wa Septemba bado utaona bahari imechafuka. Iko katika ile saa moja unayotembea wewe. Ukitoka alfajiri ukakuta moshi wa jiko la mama muuza mahamri unapanda wima, nyasi zina umande, na bahari iliyo ndani ya mwamba imelala, ujue demani imekuja, yaani kile kipindi kusi inapolegea. Hewa ya nchi kavu, iliyopoa usiku, inateremka taratibu kuelekea baharini. Kusi ya Julai isingeiruhusu. Kufika saa tatu au saa nne upepo wa bahari unarudi, na anayeamka saa hizo hataamini kwamba palikuwa shwari.

Baada ya hapo huja kipindi cha tanga mbili, Oktoba na Novemba, upepo ukibadilika badilika, mara matlai ya kutoka mashariki, mara kimya na joto la kukera, na mvua za vuli zikianguka kwa mafungu. Kaskazi yenyewe, upepo wa kutoka kaskazini mashariki, haikai sawasawa mpaka Desemba. Ninasisitiza hili kwa sababu kosa la kawaida ni kuona siku tatu za shwari na kutangaza kwamba kaskazi imeingia. Nguzo mnayoifikia kila asubuhi ina ushahidi wake juu ya jambo hilo. Vasco da Gama aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498, akiwa na rubani aliyempata hapa, kusi ikiwa ndiyo kwanza inaanza, na tarehe 20 Mei alikuwa amefika Calicut, Bara Hindi. Wakati wa kurudi hakuwa na subira: alijitupa baharini kutoka pwani ya Bara Hindi mwanzoni mwa Oktoba, kaskazi ikiwa bado haijakomaa, akasota baharini takriban miezi mitatu, mabaharia wake wengi wakafa kwa kiseyeye, na akaiona tena Malindi tarehe 7 Januari 1499. Nahodha yeyote wa pwani hii angemwambia angoje. Wazee wetu walihesabu siku tangu Nairuzi, mwaka mpya wa jua wa Waswahili, kwa miongo, kumi kumi, wakajua kila mwongo una upepo gani, kwa kuwa kalenda ya Hijria, ambayo husogea siku kumi au 11 kila mwaka, haiwezi kumwongoza mtu wa jahazi.

Nakuja kwa ndege, na hapa nitakaa kidogo, kwani ndiko majira ya kaskazini yanakotufikia kwanza. Mdomo wa Sabaki uko kilomita chache kaskazini mwa mji, kabla ya Mambrui, na hori ya Mida iko kusini, karibu na Watamu. Mahali hapa pawili pana matope yanayoachwa wazi maji yanapokupwa, na matope hayo ndiyo meza ya chamchanga, vitwitwi na sululu wanaozaliwa mbali kabisa, Siberia na nchi za jirani zake. Mmoja wao, chamchanga mwenye mdomo uliopinda kidogo kuelekea chini, ambaye wataalamu humwita Calidris ferruginea, huzaliana kwenye nyika za barafu za Siberia, zaidi ya kilomita 8,000 kutoka hapa, naye ana uzito wa gramu 60 hivi. Majira ya joto ya kule ni mafupi mno. Dume huondoka mapema Julai, mara tu majike yanapoatamia. Majike hufuata vifaranga wanapoweza kujilisha. Na vifaranga, ambao hawajawahi kuruka safari yoyote, huja nyuma peke yao bila mzazi wa kuwaonyesha njia.

Kwa hiyo majira hayo hutufikia kwa mafungu, na unaweza kuyasoma kwenye kifua cha ndege. Wakati wa kuzaliana chamchanga huyu huwa mwekundu wa tofali kuanzia usoni hadi tumboni. Anapotua Sabaki mwezi wa Agosti ameshaanza kulivua vazi hilo, na ukimtazama kwa darubini utaona madoa mekundu yaliyotapakaa juu ya weupe, mgongo uliochakaa, na kingo za manyoya zilizolika kwa safari. Septemba inavyosonga wanaanza kuonekana wale wa mwaka huu, na hao ni nadhifu kupita wazazi: kila unyoya wa mgongoni una ukingo mweupe, mgongo mzima ukaonekana una magamba, na kifua kina rangi ya chai ya maziwa. Kufika Novemba wote wamekuwa kijivu juu na weupe chini, na hapo kuwatofautisha ni kazi ya mtaalamu aliyeshiba.

Ni muhimu kujua rangi hizo kwa sababu kuwepo tu kwa chamchanga si dalili ya chochote. Baadhi ya ndege wachanga hawarudi kaskazini mwaka wao wa kwanza. Hukaa hapahapa kusi nzima, kijivu wakiwa kijivu. Mtu akikwambia mwezi wa Juni kwamba ameona kundi la chamchanga Mida na kwamba msimu umegeuka, muulize kama kulikuwa na hata mmoja mwenye wekundu. Mimi huo wekundu ndio ninaouhesabu kuwa dalili ya kwanza ya mwaka, na unatangulia picha za mwanao kwa mwezi mzima au zaidi.

Kuna na mwingine ambaye wajukuu watampenda zaidi, kwa kuwa hahitaji darubini. Ni ndege mrefu mweupe mwenye mgongo mweusi na mdomo mnene mweusi, anayekula kaa. Jina lake la kitaalamu ni Dromas ardeola. Huyu hatoki Siberia. Huzaliana katika visiwa na fukwe za mchanga za Bahari ya Shamu, Ghuba na Pembe ya Afrika, ambako huchimba shimo na kutaga yai moja jeupe ndani yake, akauachia mchanga wa moto usaidie kulitunza joto. Anaanza kurudi kwetu Agosti, na kuanzia Septemba unaweza kuona jambo lisilo la kawaida kwa ndege wa matopeni: kinda la kijivu, kubwa karibu sawa na mzazi, linamfuata mzazi huku likipiga mluzi kudai kaa, ingawa limeshavuka bahari kwa mabawa yake mwenyewe. Anayelea vijana wakubwa nyumbani hatashangaa sana.

Katika juma hizohizo kuna wanaofunga mizigo, na wakazi wengi wa Malindi hawajui kwamba waliwahi kuwapo. Kuanzia Aprili hadi Septemba hivi mdomo wa Sabaki hupokea makundi ya ndege wa kahawia wenye mabawa marefu yaliyochongoka na mkia mfupi, Glareola ocularis, ambao huzaliana Madagaska na kuja kukaa kwetu wakati wa baridi ya kusini. Siku moja wako mamia juu ya mchanga, juma linalofuata hakuna. Nyangumi wenye nundu, waliopita mbele ya Watamu na Malindi tangu Julai, nao huelekea kusini kurudi kwenye bahari za barafu. Kuondoka kwao ni dalili yenye uzito sawa na kufika kwa wengine, ingawa ni vigumu zaidi kuiona, maana hakuna anayesimama kuandika siku ambayo kitu hakikuonekana.

Kuhusu mbayuwayu wa kwenye nyaya, angalia kwanza ni yupi. Tunao wenyeji, wenye michirizi kifuani na kiuno chekundu, ambao hukaa mwaka mzima na hujenga viota vya udongo chini ya mapaa. Mgeni wa kutoka kaskazini ana koo ya wekundu wa kutu, ukanda mweusi wa buluu chini ya koo, na tumbo jeupe lisilo na michirizi. Mkubwa ana nyuzi mbili ndefu mkiani, mdogo wa mwaka huu ana mkia mfupi na koo iliyopauka. Kama uliowaona ni hao, umesoma sawasawa, kwani Septemba ndiyo saa yao. Lakini usimwambie mwanao kwamba ni walewale walioondoka kwenye nyaya za Leeds. Mbayuwayu wa Uingereza, kama pete zilizovishwa miguuni mwao zilivyoonyesha, wengi hupitia magharibi ya Afrika na kwenda kukaa Afrika Kusini. Wanaoshuka kwenye pwani yetu huelekea kuwa wa upande wa mashariki zaidi, Urusi na Asia.

Dalili nyingine zote huja baadaye, na sitaki uzitafute sasa ukakata tamaa. Keremkerem wekundu wa Sahel na Ethiopia huanza kulala kwenye mikoko ya Mida kuelekea Oktoba. Vuli ikianza kunyesha hutokea kereng'ende wengi wa rangi ya manjano ya dhahabu, wakielea juu ya viwanja na barabara. Mwaka 2009 mwanabiolojia Charles Anderson, aliyekuwa akiwaandika wakipita Maldivi kila Oktoba, alitoa hoja kwamba huvuka Bahari ya Hindi kutoka Bara Hindi, wakibebwa na upepo wa juu unaosafiri na mvua, kisha hutaga kwenye madimbwi ya mvua zetu. Baada yao, Novemba na Desemba, hupita kozi wadogo wa mashariki ya mbali ya Asia, ambao nao huikata bahari hiyohiyo kwa upepo wa nyuma, na huwala kereng'ende na kumbikumbi njiani. Mwembe unaochanua sasa utakuwa na maembe kuanzia Novemba, na hilo hamhitaji mtaalamu.

Nikupe na mpango wa matembezi, kwa kuwa njia yenu ya jeti hadi nguzoni ni nzuri kwa jua na upepo lakini ni haba kwa ndege. Chagueni siku za bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, ambapo maji kwetu hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi. Bamvua za mwisho wa Septemba na za Oktoba ni miongoni mwa kubwa za mwaka, na matope hufunguka mbali sana. Mkifika Sabaki saa moja na nusu mtawakuta ndege wamebanana kwenye mchanga ulio juu, na kadiri maji yanavyoshuka watatawanyika kula mbele yenu. Kaeni upande wa kusini, jua likiwa pembeni, na msiwasogelee mpaka waruke, kwani wamefika wamekonda na kila wanaporuka wanachoma mafuta wanayoyahitaji. Msipite kwenye matete ya kando ya mto kabla jua halijapanda vizuri, kwa sababu viboko wa Sabaki hulisha usiku na hurudi majini alfajiri kwa njia hizohizo. Chukueni kijana wa kijijini anayezijua njia hizo, na mkipata darubini moja ya kupokezana itatosha.